Tunalipia Kivuli, Mkataba Unataja Vigae

Ukitoka katikati ya mji wa Tabora kwenda upande wa Kwihara, au ukizunguka mitaa ya Cheyo na Ipuli, hupiti mbali kabla ya kukutana na ukuta mpya wenye maandishi mekundu: apatimenti zinapangishwa, na namba ya simu ya dalali chini yake. Ni safu za nyumba nne, sita, wakati mwingine nane, bati la rangi, geti moja, tangi la maji juu ya mnara wa chuma. Ukiuliza vijiweni zimetoka wapi, jibu ni moja: SGR, reli ya kisasa. Reli imekuja, wageni wamekuja na fedha, wenye viwanja wameamka. Mimi naona hayo ni maelezo nusu, na ile nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Reli imeleta baadhi ya wapangaji, hilo halina ubishi. Lakini kilichowezesha apatimenti kusimama pembezoni mwa mji ni maji ya bomba, na kinachofanya watu wakubali kuongeza fedha ili wakae huko ni kivuli cha miti na utulivu. Kivuli na utulivu mwenye nyumba hakuvijenga, mkataba hauvitaji, na kila safu mpya inayojengwa kwa mtindo wa sasa inavipunguza.

Tuanze na maji, kwa sababu watu husahau haraka. Kwa miaka mingi Tabora iliishi kwa mabwawa ya Igombe na Kazima, na kila kiangazi kilipokolea mgao ulikuwa jambo la kawaida. Aliyekaa mbali na katikati ya mji alikuwa na kisima chake, au alikuwa na kijana wa baiskeli mwenye madumu. Katika hali hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu angejenga nyumba sita zenye choo cha ndani kila moja na kuwaahidi wapangaji maji saa zote. Kisha ukaja mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Nzega, Igunga na Tabora, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 600 uliojengwa kwa mkopo kutoka India. Bomba lilikuwa limekwisha kufika kabla mkataba wa kipande cha SGR cha Makutupora hadi Tabora haujasainiwa mwishoni mwa 2021, na kile cha Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, kilisainiwa Desemba 2022. Mpangilio huo wa matukio unatosha kuonyesha kipi kilitangulia. Mwenye kiwanja cha pembezoni hakusubiri mhandisi wa reli. Alisubiri mita ya TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora.

Isitoshe, wafanyakazi wengi wa ujenzi wa reli hulala kambini. Wachache wenye vyeo ndio wanaopanga mjini, nao kazi ikiisha wanafunga mabegi. Anayebaki ni mwalimu, muuguzi wa hospitali ya Kitete, mkufunzi wa chuo, karani wa mahakama, mfanyabiashara wa tumbaku au mchele ambaye hajamaliza kujenga kwake. Manispaa ya Tabora ilikuwa na watu takriban 227,000 kwa sensa ya 2012, na ile ya 2022 ikakuta wamezidi 300,000. Ongezeko hilo ni la watu wanaohitaji pa kukaa reli iwepo isiwepo. Kuwahesabu wote hawa kama wageni wa SGR ni kujidanganya, na mwenye nyumba anayepanga bei kwa kumfikiria mhandisi wa kigeni peke yake atakuja kukaa na funguo mkononi.

Sasa kwa nini mwalimu huyo aache chumba na sebule Isevya au Ng'ambo, karibu na soko na daladala, aende kukaa kilometa kadhaa nje? Madalali watasema vigae, jipsamu, jiko la kisasa. Lakini vigae na jipsamu vipo hata katikati ya mji siku hizi. Nenda Tabora mwezi Oktoba, mvua ikiwa bado, miezi mitano ikiwa imepita bila tone la maana, halafu uingie saa nane mchana katika nyumba ya bati isiyo na mti. Fundi wa dari anaweza kukuahidi lolote. Joto la bati hushuka kupitia jipsamu na kukaa nawe mpaka usiku. Nyumba ya pili, vigae vilevile, bati lilelile, lakini mwembe mkubwa umeikinga upande wa magharibi: feni inawashwa jioni tu. Tofauti hiyo inasomeka kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. TANESCO, shirika la umeme, ina daraja la D1 la matumizi madogo, ambalo mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizoea kulizidi, anahamishiwa T1, daraja la kawaida, shilingi 292 kwa uniti. Friji ndogo, taa na televisheni vinaweza kubaki ndani ya 75. Ukiongeza feni mbili zinazozunguka mchana na usiku kwa miezi miwili, huna tena uhakika. Na pale mwenye nyumba alipoweka mita moja kwa wapangaji wanne (mtindo huu ungali upo, msidanganywe), wote wanne huangukia T1 kwa urahisi hata kama kila mmoja peke yake asingevuka uniti 75.

Miti yenyewe ina historia ambayo haimhusu mjenzi wa leo hata kidogo. Miembe ya Tabora ilipandwa na watu wa misafara katika karne ya 19, waliotoka pwani kwenda Ujiji na kurudi. Burton, mpelelezi wa Kiingereza, alipofika hapa mwaka 1857, wakati huo wakipaita Kazeh, aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamejijengea matembe, na Kwihara ndiko Livingstone alikoishi mwaka 1872 akisubiri wapagazi wake. Wajerumani walifikisha reli mwaka 1912, wakapima mji wao wakiwa na boma na nyumba za maofisa kwenye viwanja vipana. Waingereza wakaendeleza utaratibu uleule ulioigawa miji yetu mingi: Uzunguni kwenye nafasi na miti, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini kwenye msongamano. Baada ya uhuru nyumba za maofisa wakaingia watumishi wa serikali. Utulivu tunaousifu leo katika mitaa ya namna hiyo, kwa hiyo, haukushuka kutoka mbinguni. Ulitengenezwa kwa ubaguzi, kwa kuwapa wachache viwanja vikubwa na kuwaacha wengine wabanane. Nasema hivi ili nisieleweke kwamba natamani zama zile zirudi. Ila ukweli unabaki: zile nafasi na ile miti ni mtaji uliorithiwa na mji mzima, na ndio huo unaopangishwa sasa kwa miezi sita sita.

Mwaka jana nilikwenda kuangalia nyumba na dalali mmoja. Njiani alinisifia upepo. "Kaka, huku ni kulala tu, ndege ndiyo wanakuamsha. Laki mbili na nusu, miezi sita, na mwezi mmoja wangu." Tulipofungua geti nikaona uwanja wote umefunikwa kwa tofali za pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Katikati, pevingi zilikuwa zimekatwa kuzunguka kisiki cha mwembe chenye upana wa meza ya chakula, kimepigwa mafuta machafu ya gari ili kisichipue tena. Pembeni yake kulikuwa na miche mitatu ya mapambo ndani ya makopo ya rangi, imenyauka. Nikamuuliza upepo uko wapi. Akanionyesha miembe ya kiwanja cha jirani, ng'ambo ya ukuta. Kile kiwanja nacho kilikuwa na mawe ya mpaka yaliyopakwa rangi mpya. Sikumlaumu yule kijana, alikuwa anauza alichonacho. Ila hapo ndipo nilipoona hesabu yote kwa macho: nyumba ile ilikuwa inapangishwa kwa kivuli cha mtu mwingine, na yule mtu mwingine naye alikuwa anajiandaa kujenga.

Sheria inasaidia nini? Kidogo. Hadi mwaka 2005 tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Pango ya 1984, iliyokuwa na mabaraza na mamlaka ya kusema kodi ipi ni halali. Ilifutwa, kwa hoja kwamba ilikuwa inawavunja moyo wajenzi, na nakubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito: nani angejenga akijua bei itapangwa na baraza? Tangu hapo uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba umebaki chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba walioandikiana. Sheria hiyo inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani bila kumwingilia, na mgogoro ukitokea kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini baraza husoma karatasi. Chukua mkataba wowote wa kawaida uone: majina, namba ya nyumba, muda, kiasi, mpangaji hataruhusiwa kupigilia misumari, mpangaji atapaka rangi akitoka, mpangaji atalipa maji na taka. Ukurasa mzima wa makatazo kwa mpangaji. Hakuna mstari unaosema mwenye nyumba hataongeza nyumba nyingine mbili mbele ya dirisha lako au kukata mti ulioukuta. Anayekuja kulalamika kwamba kivuli kimekatwa ataulizwa: uliandikiwa wapi?

Tena mpangaji amezoeshwa kubeba mizigo isiyo yake. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Mwenye jengo ndiye anayepaswa kuibeba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ni wachache wanaodai warudishiwe. Shilingi 18,000 kwa mwaka si fedha ya kwenda nayo barazani, na wenye nyumba wanalijua hilo. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha tabia ya soko letu: lisiloandikwa, analibeba aliyepanga.

Wenye nyumba wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Mwembe mkubwa karibu na nyumba ni kero ya kweli. Mizizi huingia kwenye shimo la maji taka. Majani hujaza mfereji wa bati. Msimu wa maembe ukifika, tunda bichi likidondoka juu ya bati saa tisa usiku utadhani umevamiwa, na mchana watoto wa mtaa wanarusha mawe ambayo nusu yake yanaishia kwenye madirisha. Popo nao wana sherehe yao. Aliyekopa kujenga anahesabu riba, na kiwanja kilichokaa bure chini ya mti ni nyumba mbili ambazo hazijalipa. Simlaumu mtu anayekata mti mmoja mzee uliooza upande wa kitanda cha mtoto. Mjadala wangu ni juu ya wale wanaosafisha kiwanja kizima siku ya kwanza, kabla hata ramani haijachorwa, kwa sababu fundi amezoea kuanza na uwanja mweupe.

Zipo hoja nyingine mbili zinazorudiwa sana ambazo hazisimami. Ya kwanza ni kwamba miti inaleta mbu na malaria. Tabora ina haki ya kuogopa malaria: utafiti wa kitaifa wa 2022 uliukuta mkoa huu ukiongoza, kwa takriban asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa. Lakini mbu hazaliwi kwenye majani. Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wetu wakuu wa malaria, hupenda kutaga kwenye vidimbwi vidogo vya maji yaliyotuama mahali penye jua. Yaani mashimo ya kufyatulia tofali, nyayo za ng'ombe, matairi ya magari yaliyochimba barabara isiyo na mtaro. Ujenzi wenyewe unamzalisha mbu kuliko mwembe, na anayekata mti ili kukimbia malaria akaacha shimo la tofali nyuma ya ukuta amefanya kinyume cha alichokusudia.

Hoja ya pili ni "kiwanja changu, nafanya nitakavyo." Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Katika nchi hii ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hati unayoringia ni haki ya kuitumia kwa muda wa miaka 33, 66 au 99 kwa masharti yaliyoandikwa ndani yake. Kuna matumizi yaliyotajwa, na kujenga kunahitaji kibali cha halmashauri. Anayesema hawezi kuwekewa sharti la miti ameshakubali masharti mengine mengi bila kelele. Ameshaacha mita kadhaa mpaka barabarani, ameshapeleka ramani, ameshalipia kibali. Tabora, mji wenye Chuo cha Ardhi na Chuo cha Nyuki vyote viwili, ndiyo mahali pa mwisho ambapo mtu angetegemea kusikia kwamba upimaji na miti ni mambo yasiyojuana.

Upande wa pili wapo wanaotaka apatimenti zipigwe marufuku kabisa katika mitaa hii ya miti. Nao wanakosea, tena kosa lao linaweza kuleta hasara kubwa zaidi. Watu walioongezeka watakaa mahali fulani. Ukiwakatalia Cheyo, watasogea kwenye msitu wa miombo kuelekea Uyui, kiwanja baada ya kiwanja, kila nyumba na tanuri lake la tofali za kuchoma linalokula magogo. Apatimenti ni njia nzuri ya kubeba watu wengi kwenye ardhi ndogo, mradi zijengwe kwenda juu. Tatizo la hizi zetu ni kwamba nyingi ni nyumba za chini zilizoshikanishwa. Zinachukua kiwanja chote kama banda la kuku, halafu sehemu iliyobaki inapigwa pevingi. Nyumba sita katika ghorofa moja na chini zingeacha nusu ya kiwanja ikiwa wazi. Najua ghorofa inahitaji nondo na mhandisi, na kwamba kodi ya majengo kwa ghorofa ni shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu badala ya 1,500 ya nyumba nzima ya chini. Hapo serikali yenyewe inamwambia mjenzi wa Tabora asambae. Kama kweli tunataka miji isimeze misitu, kiwango hicho kinahitaji kuangaliwa upya kwa miji ya ukubwa huu, ambako ghorofa ya kupangisha bado si dalili ya utajiri wa kupindukia.

Utulivu nao unafuata mkondo uleule, ingawa wenyewe ni mgumu zaidi kuushika. Mtaa unakuwa kimya kwa sababu hakuna anayepita hapo isipokuwa anayekaa hapo. Ukijaza nyumba thelathini mahali palipokuwa na tano, bodaboda zitakuja, baa itafuata, na baada ya baa, spika ya mkesha. Kelele za baa zina kanuni na zina NEMC, baraza la mazingira. Wingi wa watu hauna wa kumlalamikia, na wala sioni sababu ya kuwa naye. Ndiyo maana anayepanga kwa ajili ya ukimya pekee ananunua kitu ambacho hata mwenye nyumba mwema hawezi kumhakikishia. Kivuli angalau kinaweza kuandikwa.

Na kuandikwa kwake si kazi ngumu. Katika kibali cha ujenzi wa nyumba zaidi ya mbili kwenye kiwanja kimoja, manispaa inaweza kudai ramani ionyeshe miti mikubwa iliyopo, ipi inabaki na ipi inatoka na kwa nini, na kwamba sehemu fulani ya kiwanja haitafunikwa kwa zege wala pevingi. Mtendaji wa mtaa anaweza kukagua kwa macho, hahitaji kifaa, mwembe haufichiki. Kwa wanaotafuta nyumba leo, ambao hawawezi kusubiri manispaa, nafasi ipo kabla ya zile fedha za miezi sita kutoka mfukoni, kwa sababu baada ya hapo mpangaji hana sauti tena. Sentensi moja inatosha: katika muda wa mkataba huu mwenye nyumba hatakata miti iliyopo uwanjani wala kujenga jengo jingine ndani ya uzio bila makubaliano ya maandishi, na akifanya hivyo mpangaji anaweza kuondoka na kurudishiwa kodi ya miezi isiyotumika. Wengi watakataa. Watasema mpangaji hamfundishi mwenye nyumba kazi. Lakini kambi za reli zitakapofungwa na safu hizi zote za bati zikaanza kumgombania mwalimu mmoja, anayekataa leo atakuwa na nyumba zenye vigae vizuri na uwanja wa pevingi unaowaka jua la Oktoba, na mwalimu atakuwa na nafasi ya kuchagua.